Valvu za Redio za Enzi za Guka Zimegeuka Mali: Soma Hii Kabla Utume Doo

Kuna amplifaya moja ya hedifoni ya kujiundia inaitwa Starving Student, yaani mwanafunzi mwenye njaa. Aliyeichora ni injinia wa Marekani, Pete Millett, na plani ilikuwa simpo: msee wa chuo asiye na kitu aweze kujiundia amplifaya ya valvu kwa chapaa kidogo. Unahitaji adapta ya volti 48, vipuri vichache, na valvu mbili za aina ya 19J6.

Mbona 19J6? Kwa sababu hakuna mtu alikuwa anaitaka. Iliundwa kwa kazi ya mawimbi ya redio, si ya mangoma, na inataka karibu volti 19 za kuipasha moto, namba ambayo mashine nyingi hazina. Kwa hivyo zilikaa tu kwa maboksi miaka nenda miaka rudi, bei ya kutupa.

Halafu watu wakaunda hiyo kitu. Wakaipenda, wakaambia wenzao. Ile valvu ya kutupa ikaanza kuadimika, bei ikapanda, hadi wasee wakaanza kusaka valvu zingine za kuweka mahali pake. Na sauti ya 19J6 haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaoitafuta.

Ukishika hiyo story, umeshika hii biashara yote. Bei ya valvu ya zamani inakuambia watu wangapi wanaitaka na zimebaki ngapi. Haikuambii masikio yako yatasikia nini. Wakora wanajua hiyo tofauti vizuri sana, na hapo ndipo wanakulia fare. Kwa hivyo tulia, tuanze mwanzo.

Valvu ni nini kwanza?

Kama umewahi kuchungulia nyuma ya redio ya mbao ya zamani, ni zile chupa ndogo za glasi zinazowaka rangi ya chungwa. Hewa imetolewa ndani yote. Katikati kuna kiwaya kinachopata moto, na kinapasha katodi, ambayo ikishika joto inaanza kumwaga elektroni. Pande za nje kuna sahani ya chuma yenye volti nyingi, na hiyo inazivuta. Kati ya hizo mbili kuna kawavu kembamba kanaitwa gridi.

Gridi ni kama makanga kwa mlango wa mathree. Yeye ndiye anaamua nani anapanda na nani anangoja. Sauti ndogo kutoka kwa simu yako inatikisa gridi kidogo tu, na ule umati mkubwa wa elektroni unaoelekea kwa sahani unatikisika vile vile, lakini kwa nguvu zaidi. Hapo sauti imekuzwa. Hakuna uchawi.

John Ambrose Fleming wa Uingereza alileta valvu ya kwanza mwaka wa 1904, lakini hiyo haikuwa na gridi, kwa hivyo haingeweza kukuza sauti. Lee de Forest wa Marekani akaongeza gridi mwaka wa 1906, na redio na amplifaya za simu zikapata njia. Kisha mwishoni mwa 1947, maabara ya Bell kule Marekani ikatoa transista. Ndogo, haichomi, haivunjiki kama glasi, na ikaendelea kuwa rahisi. Polepole valvu zikafukuzwa kwa redio na televisheni.

Sasa mbona bado zipo?

Jibu kubwa ni jeshi. Majeshi yalinunua vipuri kwa wingi na kuviweka stoo, vita visije vikawapata bila kitu. Ukiona valvu ya Marekani imeandikwa JAN, hiyo ni alama ya manunuzi ya jeshi lao la nchi kavu na la majini.

Warusi nao waliendelea kutumia valvu muda mrefu. Tarehe 6 Septemba 1976, rubani Msovieti anaitwa Viktor Belenko alitoroka na ndege ya vita ya MiG-25 akaitua Hakodate, Japani. Wamarekani walipoifungua, wakakuta ndani ya ndege iliyokuwa inawatia baridi kuna valvu. Mitambo kama hiyo inahitaji vipuri, na Usovieti ulipoanguka, valvu nyingi zilizobaki zikaanza kuingia sokoni. Ndiyo maana valvu za Kirusi kama 6N23P na 6N1P ziko kila mahali mtandaoni, na mara nyingi bei yake bado ina huruma.

Valvu mpya pia zinaundwa hadi leo. JJ Electronic wako Slovakia, kuna kiwanda cha Saratov kule Urusi, na viwanda vya Uchina. Lakini ni vichache. Mwaka wa 2022 Urusi ilipozuia bidhaa fulani kutoka nje ya nchi, wauzaji wa valvu dunia nzima waliingiwa na baridi, bei zikaruka.

Za zamani ndizo hazirudi. Kiwanda cha Mullard pale Blackburn, Uingereza, hakitaunda tena. Kila moja ikiungua, dunia imebaki na moja pungufu. Hapo ndipo bei inatoka.

Jifunze kusoma jina

Herufi na namba kwa valvu si mapambo. Chukua ECC83. Kwa mfumo wa Ulaya, E inamaanisha kiwaya cha kupasha moto kinataka volti 6.3. C ni valvu yenye gridi moja. C ya pili inamaanisha ziko mbili ndani ya chupa moja. Ile 8 inakuambia ni soketi ndogo ya pini tisa. Namba ya mwisho ni ya kutofautisha ndugu na ndugu.

Marekani hiyo hiyo inaitwa 12AX7. Hapo 12 ni volti za kupasha moto, kwa sababu kiwaya kina pande mbili: ukiziunganisha kwa mstari inataka volti 12.6, ukizigawa inataka 6.3. Na ECC82 ni 12AU7, ECC81 ni 12AT7.

Hizi tatu zinaingia soketi moja, na hapo wageni wengi wanapotea. Uwezo wa kukuza si sawa: 12AX7 inakuza kama mara 100, 12AT7 kama mara 60, na 12AU7 haifiki hata mara 20. Ukibadilisha 12AU7 uweke 12AX7 juu ya maneno ya mtu, unaweza kupata kelele na sauti iliyovurugika, halafu ulaumu valvu.

Kuna mbaya zaidi. ECC88, inayoitwa pia 6DJ8, nayo ina pini tisa na inaingia pale pale. Lakini kiwaya chake kinataka volti 6.3 pekee. Ukiichomeka kwa soketi iliyofungwa kutoa volti 12.6 ya 12AX7, umeichoma. Na 6N1P ya Kirusi, ambayo wauzaji wengi wanakuambia ni sawa na 6DJ8, inakula miliampea 600 za kupasha moto wakati 6DJ8 inakula 365. Hiyo ni zaidi ya mara moja na nusu. Transfoma ndogo itachemka mpaka unuse.

Kuingia kwa soketi si kufanya kazi. Weka hiyo kwa kichwa.

Soma glasi, wachana na jina

Hapa ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwa gunia. Jina kubwa lililopakwa juu ya valvu, iwe Mullard, Telefunken, RCA au Amperex, ni rangi tu. Rangi inapakwa, rangi inafutwa, rangi inapakwa tena.

Na si wakora pekee walifanya hivyo. Makampuni yenyewe yalikuwa yananunuliana. Kampuni ya Marekani ikipungukiwa, inaagiza valvu kutoka Ulaya, inabandika jina lake, inauza. Kwa hivyo unaweza kupata valvu yenye jina la watu wa Marekani na ndani ni ya Uingereza. Mwenye jicho anainunua kwa bei ya chini. Mwenye haraka analipa bei ya Mullard kwa kitu ambacho hakikuwahi kuona Uingereza.

Sasa cheki hivi. Mullard ilikuwa chini ya Philips, na viwanda vya Philips vilikuwa na tabia ya kuandika kodi ndogo chini kabisa ya glasi, rangi ya kijivu, si rahisi kuifuta. Mara nyingi ni mistari miwili. Wa kwanza unasema ni valvu gani. Wa pili unasema imetoka wapi na lini. Ukiona B4E2, soma hivi: B ni kiwanda cha Blackburn, 4 ni mwaka unaoishia na 4, E ni mwezi wa tano, 2 ni wiki ya pili. Kapembe tatu kadogo mahali pa B kanamaanisha Heerlen, Uholanzi.

Mwaka wenyewe ni namba moja tu, kwa hivyo 4 inaweza kuwa 1954, 1964 au 1974. Hapo unaangalia mwili wa valvu: umbo la sahani, urefu wake, na kile kipete cha juu. Muuzaji akikataa kukutumia picha safi ya hiyo kodi, funga ukurasa.

Telefunken nao, valvu zao nyingi za pini tisa zina alama ya almasi imefinyangwa kwa glasi yenyewe, chini, katikati ya pini. Haijapakwa, ni glasi. Jina la Telefunken juu bila almasi chini? Uliza maswali kabla utoe hata thao.

"Mpya ya zamani" si mpya kila wakati

Utaona herufi NOS kila mahali. Maana yake ni valvu iliyoundwa zamani lakini haijawahi kutumika. Shida ni kwamba siku hizi kila kitu kilichotolewa vumbi kinaitwa NOS.

Usiulize kama ni mpya, uliza vipimo. Kuna mashine za kupima valvu, kama AVO za Uingereza na Hickok za Marekani, na mpimaji serious atakupa namba: valvu hii imesoma hivi, mpya husoma hivi. Kama ina pande mbili ndani, anakupa namba ya kila upande. Kwa hedifoni hii ni muhimu, kwa sababu mara nyingi upande mmoja unalisha sikio la kushoto na wa pili la kulia. Zikitofautiana sana, mwimbaji atakaa kama amesimama kando badala ya katikati. Mtu akikuambia tu "imepimwa, iko fiti" bila namba, hajakuambia kitu.

Ikifika, angalia lile doa la kung'aa kama kioo ndani ya glasi. Ni chuma kinaitwa bariamu, na kazi yake ni kumeza hewa iliyobaki. Likiwa la fedha au limekolea weusi, sawa. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Hiyo valvu imekufa, hakuna fundi wa kuiokoa.

Kisha ichomeke na uigongegonge taratibu na nyuma ya penseli. Valvu nyingi zitatoa kamlio. Lakini ikilia kama kengele na isinyamaze haraka, itakusumbua, kwa sababu hedifoni iko ndani ya sikio na inasikia kila kitu.

Vipuri vingine: nini ununue cha zamani, nini usiguse

Wakishanogewa na valvu, watu huanza kutaka kila kitu kiwe cha zamani. Hapo punguza spidi.

Soketi za kauri za zamani, sawa, bora pini zishike vizuri. Transfoma ya zamani inaweza kuwa nzuri ikipimwa. Lakini kapasita za elektroliti, zile za mkebe, hukauka ndani hata zikikaa tu kwa shelfu. Ukiiwasha baada ya miaka 50 inaweza kuvuja, kuchemka, au kulipuka. Nunua mpya. Kapasita za karatasi na nta za zamani huvuja umeme, na zingine za mafuta zina kemikali ya sumu inaitwa PCB, usizipasue. Rezista za kaboni za zamani nazo hupanda thamani: imeandikwa ohm 100,000, unapima unapata 130,000. Zinapendeza macho, lakini sakiti haisikilizi macho.

Hizo mpya, rezista, kapasita na waya, maduka ya vipuri vya elektroniki hapa Nairobi yatakusaidia. Valvu ndiyo itabidi uagize, na ukipiga hesabu usisahau kutuma na ushuru.

Hedifoni zako zinakubali?

Hili watu wengi hawaulizi mpaka doo imeisha. Amplifaya nyingi za valvu za kujiundia hazina transfoma ya kutoa sauti. Bottlehead Crack ya Marekani ni mfano maarufu: inatumia 12AU7 moja na 6080 moja, unauziwa vipande unajiundia. Amplifaya za aina hii zinapenda hedifoni za ohm nyingi, kama Sennheiser HD 600 na HD 650 za ohm 300, au Beyerdynamic DT 880 ile ya ohm 600.

Hedifoni nyingi za mtaa ni ohm 16 au 32. Ukizichomeka pale, amplifaya inashindwa kuzisukuma, besi inalegea, na unabaki ukijiuliza ulilipia nini. Kama hizo ndizo unazo, tafuta amplifaya ya mseto: valvu mbele, transista nyuma. Starving Student ni moja ya hizo.

Na ile joto ya sauti ya valvu wanayoimba kila siku? Ina sababu. Valvu ikilemewa haikati sauti ghafla, inaizungusha, na mara nyingi inaongeza sauti ndogo ya oktavu ya juu ambayo sikio linaipenda. Pia, HD 650 ohm zake zinapanda pale kwa besi, na amplifaya isiyo na transfoma inazipa nguvu zaidi hapo hapo. Kwa hivyo besi unayosikia imenenepa kweli, lakini imenenepeshwa na sakiti, si na jina la valvu. Mtu akikuambia utapata hiyo besi ukilipa mara kumi juu ya jina, sasa unajua.

Hii sehemu usiruke

Amplifaya ya valvu inaweza kuwa na volti 150, 200, hata zaidi ya 300 ndani. Stima kama hiyo inaua. Na kuchomoa plagi si kumaliza, kwa sababu kapasita zinabaki zimejaa.

Kabla uguse ndani: chomoa, ngoja, kisha pima na mita mpaka usome karibu sufuri. Kama bado kuna volti, imwage polepole kupitia rezista kubwa yenye mpini wa plastiki, usitumie bisibisi. Ukipima mashine iliyowashwa, mkono mmoja ukae mfukoni, stima isipite kifuani. Boksi la chuma lazima lifungwe waya wa ardhi, na fyuzi iwekwe. Usifanye hii kazi peke yako usiku ukiwa na usingizi. Kama haujawahi kushika solda, anza na kitu cha volti ndogo, au mlipe fundi anayejua.

Na kumbuka stima yetu ni volti 240, ya Marekani ni 120. Amplifaya ya huko ukiichomeka hapa bila kibadilishi, itakuaga hapo hapo.

Anza hivi

Kwanza hedifoni, ujue ni ohm ngapi. Pili amplifaya inayozifaa. Tatu valvu mpya ya kawaida, ya bei ya chini, ukae nayo wiki kadhaa hadi uijue sauti yake. Nne, nunua moja ya zamani yenye vipimo na kodi ya kusomeka, kisha umwambie rafiki akubadilishie bila wewe kuona. Baada ya kuzima, bila shaka, na zipoe, juu zinachoma. Ukishindwa kujua ni gani iko ndani, umejiokolea mathao.

Na kama kule ushago bado kuna redio ya mbao imekaa juu ya kabati, usiichomeke kwa stima ujionyeshe, zile kapasita za karatasi zinaweza kuiwasha moto. Usimpe mtu wa vyuma kuukuu pia. Toa kifuniko cha nyuma, washa tochi ya simu, soma glasi. Unaweza kupata EL84, ECH81 au EZ80. Kama chini kuna kodi inaanza na B, piga picha.

Halafu muulize guka ilikuwa inashika stesheni gani. Hiyo huwezi kuagiza mtandaoni.